Majeshi madogo ya Ulaya na vifaru vyao: kukarabati, kununua mtumba au kuagiza vipya?

Mchunguzi84
Wakuu, nchi yenye vifaru visivyofika mia mbili ina njia tatu za kubaki na jeshi la maana: kukarabati vya zamani, kununua mtumba, au kuagiza vipya kiwandani. Naanza na Wacheki, maana wamezigusa zote.

Walirithi vifaru vya Kisovieti vya T-72M1 kwa mamia. Miaka ya 1990 walipanga kuboresha zaidi ya 300, fedha zikakauka, na mwishowe vikatoka 30 tu vya toleo la T-72M4CZ. Kazi yenyewe ilikuwa safi. Injini ya Kirusi ya nguvu za farasi 780 iling'olewa, ikafungwa Perkins ya Uingereza ya 1,000 pamoja na giaboksi otomatiki ya Allison, vyote katika pakiti moja ya kampuni ya NIMDA ya Israeli. Mtambo wa kulengea, TURMS-T, ulitoka Italia. Mzinga wa milimita 125 ukabaki uleule.

Baadaye wakapokea vifaru vya mtumba vya Kijerumani, Leopard 2A4, kutoka Ujerumani, fidia ya T-72 walizoipa Ukraine, na mwaka 2025 serikali yao ikaidhinisha Leopard 2A8 mpya 44. Je, ule ukarabati ulikuwa na faida?

Fundi Gereji
Faida ilikuwepo mkuu, na watu wanaidharau. T-72 ya kawaida ikipiga rivasi inatambaa kilomita 4 hivi kwa saa. Umeshafyatua, adui ameona moto wa mzinga wako, unataka kurudi nyuma ya kilima. Ama utambae hivyo, ama ugeuke umwoneshe mgongo, pale deraya (bamba la kinga) ilipo nyembamba. Giaboksi mpya peke yake inaokoa roho za watu watatu waliomo ndani.

Kasoro yake ni idadi. Vifaru 30 vyenye injini ya nchi moja, giaboksi ya nyingine na mtambo wa kulengea wa nchi ya tatu, na hakuna jeshi jingine lenye mchanganyiko huo. Nani atawasha mashine za kiwanda kwa ajili ya vipuri vya vifaru 30?

Zuhura_M
Ndiyo maana mimi nasimama na mtumba. Ufini mwaka 2014 ilinunua Leopard 2A6 100 kutoka Uholanzi kwa Euro milioni 200 hivi, na humo ndani mna vipuri vya miaka kumi. Piga hesabu: milioni 2 kwa kifaru chenye mzinga mrefu wa milimita 120, ambacho Ujerumani na Ureno nao wanacho. Ukikosa kipuri, unamuuliza jirani.

Kobe wa Milimani
Dada Zuhura, hesabu yako ni sahihi ila duka limefungwa. Ufini ilipata bei ile kwa sababu Waholanzi mwaka 2011 waliamua kuacha vifaru kabisa. Leo muuzaji wa namna hiyo hayupo.

Na tumtazame muuzaji mwenyewe, maana hapa ndipo pananiuma. Haikupita miaka mingi wakawa wanakodi 18 kutoka Ujerumani, wakaunda kikosi ndani ya batalioni ya 414 ya Wajerumani, ili ujuzi usipotee. Mwaka 2025 wakasaini kununua Leopard 2A8 46. Walichouza kwa bei ya kutupa wanakirudisha kwa bei ya kiwandani.

Zuhura_M
Hapo kaka nakubali. Lakini hoja ya vipuri inabaki palepale.

Mzee Kilindi
Wanangu, vipya navyo vina mjadala. Norway ilishindanisha Leopard na K2 ya Korea Kusini kwenye theluji mwaka 2022. Mkuu wao wa majeshi, Eirik Kristoffersen, alishauri wasinunue kabisa, fedha ziende kwenye silaha nyingine. Serikali haikumfuata, Februari 2023 ikaagiza Leopard 54. Kifaru hicho kinakaribia tani 70, wakati T-72M1 ni tani 41 na ushei. Madaraja na malori ya kubebea lazima yalingane na uzito huo, na gharama hiyo haipo kwenye bei ya kifaru.

Fundi Gereji
Mzee, shikamoo. Mjue pia M-55S ya Slovenia: kifaru cha Kisovieti cha T-55 kilichofungwa mzinga wa milimita 105 wa asili ya Uingereza, deraya ya kulipuka (vibao vinavyolipuka vikipigwa ili kupunguza nguvu ya kombora) na mtambo mpya wa kulengea, kazi ya miaka ya 1990. Mwaka 2022 walipeleka 28 Ukraine, Ujerumani ikawalipa malori 40. Kifaru chenye asili ya miaka ya 1950 kiliingia vitani, na risasi zake za milimita 105 zinapatikana katika nchi kadhaa za NATO. Wacheki walibadilisha injini, wakabaki na mzinga wa Kirusi. Waslovenia walibadilisha mzinga.

Mchunguzi84
Asanteni kwa hoja zote. Mkuu Fundi, umenisogeza: kwa jeshi dogo, risasi na vipuri vya kuazima kwa jirani vinatangulia ubora wa injini. Kwa kipimo hicho namuweka Mfini wa kwanza na Mslovenia wa pili. Mcheki nampa nafasi ya tatu, japo fundi wake ndiye aliyefanya kazi nzuri kuliko wote.