Nyumba ya mawe Mkomani, Lamu: nianze kutengeneza wapi kabla ya kuwaonyesha wanunuzi?

BintiMkomani
Assalaam aleikum. Twauza nyumba ya urithi Mkomani: ghorofa moja, kiwanda (ua wa ndani) katikati, paa la makuti. Kuta za chini zilipigwa plasta ya saruji zamani, sasa yafura na kumwaga unga mweupe. Fundi mmoja asema tupige saruji tena na rangi ya plastiki juu yake, siku kumi kazi imekwisha. Pesa si nyingi. Tuzitie wapi?

FundiChokaa
Waaleikum salaam dada. Saruji usirudie. Mawe ya matumbawe na chokaa hunyonya unyevu wa ardhini na kuutoa usoni pa ukuta. Saruji na rangi ya plastiki huziba njia hiyo. Unyevu hupanda juu zaidi, chumvi huganda nyuma ya plasta na kuisukuma mpaka idondoke. Mabaka yatarudi mnunuzi angali ajadili bei.

Bandua saruji yote hadi nusu mita juu ya alama ya unyevu, kwa patasi na nyundo ndogo. Mashine huyavunja mawe. Acha ukuta wazi upigwe na upepo, wiki nne ikiwezekana. Unga mweupe ufagie kwa brashi kavu, uuzoe, ukautupe nje. Ukiuosha, chumvi yarudi ndani.

Chokaa iwe iliyolowekwa ikaiva, ndoo moja kwa tatu za mchanga. Mchanga wa ufuoni una chumvi, haufai. Wa matuta ya Shela usiguse kabisa, maana hapo ndipo maji ya mji yahifadhiwapo. Rowesha ukuta, piga mkono (tabaka) wa kwanza usiozidi sentimita moja, ungoje ushike ndipo upige wa pili. Nyunyiza maji asubuhi na jioni, na palipo na jua tundika magunia mabichi. Chokaa ikikauka mbio hupasuka, ukiipitishia kiganja yatoka vumbi. Umalizie na chokaa ya kupaka, nyepesi kama maziwa, mikono mitatu au minne, siku moja kati ya mkono na mkono.

Muda ukiwa hautoshi, bora ukuta uliobanduliwa na kufagiwa kuliko uliofichwa. Mnunuzi wa nyumba hizi huja na fundi wake, na huyo hugonga ukuta kwa kidole akisikiliza palipo tupu.

Boriti_na_Makuti
Dari nayo. Boriti huanza kuoza pale ilipoingia ukutani, hasa chini ya bafu. Choma kwa bisibisi. Ikizama, mti umekwisha. Usifunike dari kwa jipsamu, kila mtu atauliza kuna nini nyuma yake.

Vidaka, vile vishimo vya ukutani vya kuwekea vyombo, visafishwe kwa brashi laini tu, rangi nene huziba nakshi. Mlango wa nakshi usiuze kando hata ukipewa bei nzuri: milango iliyochongwa kabla ya 1946 inalindwa na Sheria ya Makumbusho na Urithi ya 2006.

Siku ya kuonyesha, toa makochi. Vyumba vyetu ni vyembamba kwa sababu boriti haivuki zaidi ya mita tatu hivi, na kochi kubwa hugeuza chumba kuwa ujia. Kitanda cha kienyeji na mkeka vyatosha.

HatiKwanza
Nyumba ikiwa bado kwa jina la marehemu, mirathi itangulie rangi. Mji Mkongwe wa Lamu uko katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, basi ongeeni na ofisi ya Makumbusho kabla ya kugusa sura ya nje. Risiti za ukarabati mzitunze: kodi ya faida ya mauzo ni asilimia 15 tangu Januari 2023, na gharama za kuboresha nyumba hupunguzwa katika hesabu hiyo. Mnunuzi asiye raia atapata umiliki wa kukodi tu, usiozidi miaka 99, kwa hiyo msimwahidi zaidi.

BintiMkomani
Ahsanteni sana. Bisibisi imezama boriti mbili chini ya bafu la juu. Chokaa ingoje?

FundiChokaa
Ingoje. Bafu hilo lifungwe leo, na chini yake simamisha nguzo mbili na mtambaapanya, yaani mti wa kulala juu yake. Tafuteni bomba linalovuja, mlizibe, ndipo boriti mpya ziingizwe kando ya zile mbovu. Plasta iwe ya mwisho, kwani kutoboa ukuta kwa ajili ya boriti kutaibomoa tena.