Wenye maduka ya fotokopi Kisumu, mnatuuzia utepe mweusi halafu mnauita kubaindi!

Wadau, hasira hii nimeiacha ilale nikidhani itapoa. Haijapoa. Naileta hapa ili mwenye kupeleka tenda wiki ijayo ajue anaingia wapi.

Nililipa shilingi 600 kwa kila kitabu, viwili, cha asili na nakala yake, nibaindiwe stakabadhi za zabuni ya kupeleka mahindi na maharagwe kwa taasisi moja ya umma huku magharibi. Siku ya kufungua kisanduku cha zabuni, kitabu cha asili kikaachia karatasi mbele ya kamati, washindani wangu wakiwa wamekaa wanatazama. Baadaye ikaja barua: stakabadhi hazikubaindiwa imara, kurasa zimeachana, sharti la lazima halikutimizwa. Hatua ya kulinganisha bei hatukuifikia. Tulitolewa pale mlangoni.

Jina la duka nalibana, sitaki kesi. Liko katikati ya mji, lina mashine za kila sampuli na bango kubwa linalosema wanabaindi tenda, tasnifu na vitabu. Anayelijua atalijua.

Kwa wasiofanya kazi hizi, msije mkaniuliza "si ni karatasi tu?" Sheria ya ununuzi wa umma ya mwaka 2015, kifungu cha 74, inataka mzabuni atie nambari kila ukurasa wa zabuni yake. Taasisi nyingi zinaongeza la kwao: kitabu kibaindiwe kisiachane, na spairo, yaani mgongo wa chanuo la plastiki, haitakiwi. Sharti hilo silipingi hata kidogo. Lile chanuo la plastiki unalipanua kwa vidole, unachomoa ukurasa wa dhamana ya mtu, unalirudisha, na hakuna atakayejua. Tunaishi Kenya, tunajuana.

Sasa hebu fikirieni kilichomo ndani ya kitabu kimoja. Cheti cha usajili, CR12 (ile orodha ya wakurugenzi na wenye hisa wa kampuni), cheti cha kodi cha KRA, kibali cha biashara cha kaunti, cheti cha AGPO, ule mpango wa serikali wa kutenga zabuni, kwa kuwa sisi ni kampuni ya kina mama tunaotafuta riziki kwenye ile asilimia 30 ya zabuni za umma tuliyotengewa pamoja na vijana na watu wenye ulemavu, dhamana ya zabuni, hesabu zilizokaguliwa, taarifa za benki, barua za tuliowahi kuwauzia, na fomu zenyewe ambazo peke yake ni rundo. Yetu ilifika karatasi kama mia tatu. Karatasi ya kawaida ya gramu 80 ina unene wa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita, kwa hiyo hapo una mgongo wa sentimita tatu. Huo si mgongo wa kupaka gundi juu juu na kumwambia mteja aende salama.

Na ndicho walichofanya. Nilisimama pale pale kaunta. Kijana akazigonga karatasi zikae sawa, akazipitisha kwenye kisu cha mashine, ukingo ukawa laini kama kioo. Akachukua gundi ya moto, akapaka mstari mmoja mgongoni huku anaongea na simu. Simu ilikuwa ndefu. Gundi ilipoanza kuganda ndipo akakumbuka kubandika jalada. Akazungusha utepe mweusi, akaupitisha kidole mara mbili ukang'aa, akanikabidhi.

"Kijana wangu, hii itashika?"

"Madam, hii hata ukiitupa kutoka ghorofani."

Nikafungua katikati, nikaivuta kidogo, ikashika. Maana kuna watu hapa najua mshaanza kuandika "mbona hukukagua". Nilikagua. Gundi ya aina hii inakudanganya ikiwa bado mpya, inashika kwa siku ya kwanza, halafu kitabu kikifunguliwa vizuri mgongo unapasuka na karatasi zinatoka kama majani ya mgomba yaliyokauka.

Pale kwenye ufunguzi, kamati inatakiwa isome bei kwa sauti, na kila mjumbe aweke sahihi yake kwenye kurasa. Yaani kitabu kinapita mikono mingi na kila mkono unakilaza wazi juu ya meza. Mjumbe wa kwanza sawa. Wa pili akakikandamiza katikati kwa kiganja ili apate pa kuandika, nikasikia "krak". Fomu ya zabuni, ile yenye bei na mhuri wetu, ikateleza ikaenda hadi chini ya kiti cha bwana mmoja wa kampuni nyingine. Akaiokota, akaisoma kwanza (ndiyo, akaisoma!), ndipo akairudisha. Katibu akatafuta mpira wa kufungia pesa, akakizungushia kitabu chetu. Kati ya vitabu vyote pale mezani, chetu peke yake ndicho kilifungwa mpira kama sukuma wiki.

Nikarudi dukani. Hapo ndipo mtanielewa.

Kwanza wakasema ni joto. Eti gundi haipendi jua, nilikiacha kwenye gari. Kitabu kilikuwa ndani ya bahasha, ndani ya mkoba, mapajani mwangu kwenye matatu. Halafu hata kama ni joto: kama gundi yako haiwezi jua la Kisumu, unaiuza Kisumu kwa nini? Si uipeleke Limuru?

Pili wakasema karatasi zangu ni mbaya. Nikauliza mbaya vipi, hakuna aliyejibu. Ukweli nimekuja kuambiwa na mtu anayeijua kazi. Gundi ya moto hainywewi na karatasi kwa jinsi tunavyodhani. Inashika zile nyuzinyuzi za ukingo. Ukingo ukikatwa laini, nyuzi hazitokezi, gundi haina pa kung'ang'ania. Ndiyo maana mashine za kweli zina msumeno mdogo unaokwaruza mgongo na kuuchimba vijia kabla ya kupaka. Wasio na mashine hutumia msasa au msumeno wa chuma wa mkono, dakika mbili tu. Na katikati ya kitabu chetu kulikuwa na kurasa za kung'aa, zile za picha za magunia na ghala letu. Karatasi ya kung'aa imepakwa juu, gundi inaitazama tu. Kila fundi wa kazi hii anatakiwa kuliona hilo anapozipanga, aseme, "mama, hizi hazitashika, tutoboe tushone."

Tatu, huyu sasa alikuwa mwenye duka mwenyewe, akasema kitabu kikishatoka mlangoni si chao tena. Wadau, kazi nzima ya kubaindi inaanzia pale kitabu kinapotoka mlangoni! Ndani ya duka lako hata klipu ingetosha.

Tenda iliyofuata niliipeleka kwa fundi viatu, Kibuye hapa hapa Kisumu. Cheka tu. Mzee yule aliziweka karatasi katikati ya vipande viwili vya mbao, akakaza kwa jiriwa, akapima kama sentimita moja kutoka ukingoni, akatoboa kwa keke tundu moja baada ya jingine kutoka juu hadi chini. Uzi ni ule wa kushonea soli, ameuvuta juu ya kipande cha nta hadi ukawa unanata. Akashona kwenda, akashona kurudi, kila tundu likapitiwa mara mbili, fundo akalizika ndani. Ndipo nikaja mwenyewe na gundi nyeupe ya mbao, kitambaa chembamba mgongoni, jalada gumu juu. Kamati ikakipekua hicho kitabu hadi wakachoka. Hakikutoa hata ukurasa mmoja, na ukitaka kuuchomoa itabidi uuchane, jambo ambalo kila mtu ataliona. Hilo hasa ndilo sharti linalotaka!

Ubaya wake nausema pia. Kitabu kilichoshonwa pembeni hakilali wazi vizuri, kinajikunja, na ukiwa umechapa bila kuacha nafasi kushoto, maneno yanamezwa na uzi. Acheni sentimita nne upande wa kushoto, au tatu u nusu mkibanwa. Vyeti vilivyofika hadi ukingoni vipunguzwe kidogo wakati wa kutoa fotokopi. Nambari za kurasa pia zikae kulia, juu au chini, si kushoto zikazikwa.

Nimewauliza maduka matatu manne mjini kama wanashona. Mmoja akanicheka. Mwingine akaniambia ana stepla kubwa, na kwa kweli ile stepla nzito yenye pini ndefu si mbaya kwa karatasi mia, mia na nusu hivi, ukipiga pini kadhaa pembeni halafu utepe wa kitambaa juu. Ila ziwe pini za kutokea upande wa pili na kukunjwa, si zile zinazoishia katikati ya rundo huku utepe unaficha aibu. Utepe haubebi kitu. Utepe ni nguo tu.

Na si tenda peke yake. Watoto wetu wa vyuo, kuanzia Maseno hadi Kakamega na Bondo, wanapeleka tasnifu za jalada gumu zenye maandishi ya dhahabu mgongoni, wanalipa pesa ya maana, na ndani ni gundi ile ile iliyopakwa na kijana anayeongea na simu. Mpwa wangu ana nakala yake nyumbani, sura ya tatu inaishi peke yake.

Kuna watakaosema mambo ya zabuni yanahamia mtandaoni, nisahau karatasi. Hewala, ila mimi nilitolewa kwa karatasi, na maziwa ya mtoto hayangoji mfumo. Wengine watasema niende kwa Bodi ya Mapitio, wanaosikiliza malalamiko ya zabuni, ndani ya siku 14. Nilipiga hesabu ya ada na wakili kwa tenda ya maharagwe, nikakaa kimya. Kamati nayo haikunikosea. Kitabu kiliachana kweli, macho yao yaliona. Aliyenikosea ni aliyechukua 1,200 zangu.

Ninachotaka ni majibu mawili. Nani hapa Kisumu, Kakamega au Busia anashona kitabu cha karatasi mia tatu kwa uzi, siku hiyo hiyo, na anafungua kabla ya saa mbili asubuhi? Mzee wa Kibuye ana viatu vya watu, hawezi kutubeba sote. Na kuna yeyote aliyewahi kurudishiwa pesa na duka la fotokopi kwa kazi mbovu? Alitumia njia gani?

NYONGEZA: Kuna mdau amewaonyesha wenye duka andiko hili. Mwenye duka amenipigia simu, mpole kabisa, ananiita "mama yetu". Anasema badala ya kurudisha pesa atanibaindia vitabu viwili bure. Bure! Kwa gundi ile ile! Nimemwambia nataka 1,200 kwa M-Pesa kabla ya Ijumaa, na ya kutolea aweke juu.