Kutoa pipa la chumvi si kutengeneza filta! Fundi kaniuzia valvu ya softena, yaani mashine ya kulainisha maji magumu kwa chumvi, nimechoka

Wakuu, habari zenu. Naandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha.

Kisima changu kiko Kigamboni. Maji yanatoka bombani safi kabisa, ukiyalaza kwenye ndoo asubuhi unakuta yamekuwa kama chai ya rangi. Ni chuma. Masinki yana michirizi ya kutu, na nguo nyeupe tulishaacha kununua. Nikampata fundi mwenye duka lake, akaniambia ana filta ya chuma inayojiosha yenyewe usiku. Milioni moja na laki nane. Nikalipa yote na risiti ninayo.

Siku ya kufunga niliona ubavuni mwa valvu, kile kichwa cha tenki kinachoongoza maji na kujiosha, kuna kampira kembamba kasikokwenda popote. Kamekunjwa ncha, kakafungwa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Nikamuuliza. "Hako hakana kazi bosi, kalikuwa ka chumvi."

Wiki ya pili, usiku, ile tyubu ikafyatuka. Mke wangu ndiye aliyesikia maji. Tulipofungua stoo yalikuwa yamefika kwenye vifundo vya miguu, na gunia la mchele la kilo 50 limekaa humo humo.

Asubuhi nikampigia shemeji yangu, anafanya kazi ya maji kwenye hoteli Unguja. Nikamwonyesha kwa video. Akasema, "Shemeji, hiyo ni valvu ya softena. Ngoja ianze kujiosha, kinga ndoo kwenye bomba la maji machafu, halafu pima muda."

Ndoo ya lita 20 ilijaa kwa dakika mbili na sekunde kumi. Yaani lita 9 na kidogo kwa dakika. Nasisitiza hapa kwa sababu ndipo nilipoibiwa. Tenki langu ni la inchi 10 kwa upana. Ndani yake fundi ameweka mchanga uliopakwa manganizi wa kunasa chuma, ambao kwa ujazo uleule ni mzito zaidi ya mara moja na nusu ya zile punje za resini za softena. Resini ukiipa lita 9 inanyanyuka na kuoshwa. Huu mchanga unataka lita 25 kwa dakika na zaidi, maana maji ya kwetu ni ya vuguvugu na hayanyanyui mchanga kama maji ya baridi yanavyonyanyua. Pampu yangu inatoa lita 40, nimeipima kwa ndoo hiyohiyo. Kwa hiyo pampu haina kosa.

Kosa ni kiwasha kimoja cha mpira, yaani washa ndogo inayobana kasi ya maji, kwenye njia ya kutolea maji machafu. Nimekichomoa, niko nacho mezani sasa hivi. Ni kipana kama shilingi mia, na tundu la katikati hata kalamu ya biki haipiti. Kiliwekwa kiwandani kwa ajili ya resini na fundi hakukigusa. Matokeo yake mchanga haukuwahi kuoshwa hata siku moja. Nilipofungua tenki nilichoma fimbo ikagota, juu kumeshikana ganda la kahawia kama udongo wa kufyatulia tofali.

La pili, injekta. Ile ndiyo inayovuta maji ya chumvi. Ukigeuza valvu iwe ya filta unaitoa, unaweka kizibo, na mdomo wa ule mpira unauziba kwa kofia yenye nyuzi. Yeye aliiacha. Kwa hiyo mashine ikijiosha dakika 10, inakaa saa nzima "inavuta chumvi" isiyokuwepo, na muda wote huo nyumba inapata maji ya kisima yasiyochujwa. Mwisho inajaza pipa lisilokuwepo. Maji ya stoo yalitoka huko!

Kuna la tatu ambalo hata shemeji alishangaa. Mota ya saa imeandikwa hezi 60. Ni mtumba wa Marekani, na umeme wetu ni hezi 50, yaani mapigo machache zaidi kwa sekunde, kwa hiyo kila siku saa inachelewa masaa manne. Iliyotegwa kujiosha saa nane usiku inajiosha mchana watu wanaoga.

Sisemi valvu ya softena haigeuziki. Inageuzika na kazi yenyewe haimalizi nusu siku. Na kipampu cha kutia klorini kwenye maji ili chuma kinaswe alikifunga vizuri, hapo simlaumu. Ndiyo maana inaniuma: anajua kazi, akaamua kuondoa pipa la chumvi tu na kuniita mteja. Nilipompigia akasema kisima changu ndicho kibovu. Tangu juzi hapokei simu.

Ninachomdai ni kimoja: aje amalize kazi aliyolipwa, alete na mota ya hezi 50, au arudishe hela. Nampa mpaka Jumamosi, baada ya hapo napeleka risiti serikali ya mtaa.

Kwenu wenye uzoefu, natafuta kizibo cha injekta na kiwasha cha lita 25 hadi 30 kwa dakika. Nimezunguka maduka ya Gerezani siku mbili wananionyesha washa za koki. Valvu ni ya inchi moja, ya saa ya kuzungusha kwa mkono, na pistoni yake ni nzima. Anayejua duka aandike hapa, nitalifuata leo hii.