Kebo ya ardhini iliyochanwa na sururu: kuiunga au kulaza mpya?

Mchimbaji: Ndugu zangu, kebo yenye deraya (ganda la kinga) ya nyaya za chuma, inayopeleka umeme wa volti 230 kutoka nyumba kubwa hadi banda la nyuma, imechanwa na sururu. Kikata umeme kiliruka papo hapo na sijakirudisha. Nasita baina ya kasha la rezini (utomvu wa kumiminwa juu ya kiungo ukaganda), mipira (mirija ya kuvika kiungo) inayosinyaa kwa moto, na kufukua mtaro wote ili nilaze kebo mpya.

Fundi Deraya: Ndugu Mchimbaji, mbili za kwanza hudumu zikifanywa kwa uangalifu. Rezini haihitaji moto: unachanganya sehemu zake mbili, unamimina, nayo hujaza kila upenyo inapoganda, ingawa baridi huichelewesha na kasha halifunguliki tena. Mipira, nikimaanisha ile yenye gundi kwa ndani, hukuwezesha kufukia mapema, lakini inadai mkono uliozoea moto, kwani sehemu isiyosinyaa sawasawa ndiyo mlango wa maji. Utepe wa kuhami peke yake usiuhesabu kabisa.

Bi. Waya: Fundi, umeruka swali la kwanza. Jeraha limekaa wazi muda gani? Maji yakiingia katika shaba ya nyuzi nyingi husafiri ndani ya kihami (ganda linalofunika waya), mbali na pale unapopaona, na hakuna kasha litakaloyatoa. Kata nyuma hadi ufikie shaba inayong'aa. Ukishakata kiasi hicho ncha hazifikiani tena, hivyo utahitaji kipande cha kati na maungio mawili badala ya moja, na hapo, ikiwa mtaro ni mfupi, mimi ningelaza kebo mpya bila kufikiri mara mbili.

Mpimaji: Namuunga mkono Bi. Waya, ila vipimo ndivyo viamue. Zima, funga swichi kwa kufuli, kisha hakikisha hakuna umeme kwa kifaa ulichokijaribu kwenye umeme unaojulikana kabla na baada ya kupima. Tenganisha ncha zote mbili na upime ukinzani wa kihami kwa volti 500 za mkondo mnyoofu (DC), kila waya dhidi ya mwenzake na dhidi ya deraya. Megaohmu 1 (ohmu milioni moja) ndiyo kiwango cha chini kinachokubalika kwa kawaida, lakini kebo isiyo na kasoro husoma mamia. Ukiisha kukata jeraha na upande mmoja bado ukasoma chini, kuna kasoro nyingine mbele.

Mchimbaji: Jeraha lilifunikwa kwa plastiki siku ile ile na mvua haijanyesha. Deraya ndiyo njia pekee ya ethi (kinga dhidi ya umeme unaovuja) kuelekea bandani.

Fundi Deraya: Basi chagua kasha linalokuja na vibano vya deraya na waya wa kuziunganisha pande mbili, kwa kuwa yapo yaliyotengenezwa kwa kebo zisizo na deraya, na ukitumia hayo taa zitawaka kama kawaida ilhali banda halina kinga. Viungo vya shaba vibanwe kwa koleo lake maalumu, si koleo la kawaida.

Mpimaji: Na mwendelezo wa ethi, yaani kwamba njia yake haijakatika, upimwe kabla ya kumimina rezini, si baada.