Mjadala: Ada ya chama cha wanawake wafanyabiashara, tulipe au tubaki na VICOBA vyetu?

Wadau, mama anayesindika unga wa lishe, achari au viungo akianza kukua kidogo hushauriwa ajiunge na chama cha wanawake wafanyabiashara, mfano TWCC ya Tanzania iliyoanzishwa 2005. Wengi wanahoji: nina VICOBA, nina upatu, ada nyingine ya nini?

Msimamo wangu ni kwamba tujiunge. VICOBA kinakupa mtaji, tena bila kudai hati ya nyumba iliyoandikwa jina la mume. Lakini mara nyingi wanakikundi wenzako wanauza unachouza wewe, kwa wateja walewale wa mtaa mmoja. Mnunuzi wa tani mbili utaonyeshwa na nani?

Halafu kuna taarifa. Ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, mzigo wenye thamani isiyozidi dola 2,000, wa bidhaa zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa, una utaratibu rahisi: hati ya asili ya bidhaa inatolewa palepale mpakani. Hata hivyo bado kuna akina mama wanaopitisha mchele na vitenge njia za panya, na wakikamatwa mtaji wote umekwenda. Si ukaidi, hawakuambiwa. Sheria ya ununuzi wa umma nayo inataka taasisi za umma zitenge 30% ya manunuzi yao kwa makundi maalumu: wanawake, vijana, wazee na wenye ulemavu. Zabuni zinapita kwenye NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi mtandaoni, na asiyejua kujisajili hatazionja. Chama kinachomshika mwanachama mkono mpaka akamaliza usajili kimeirudisha ada yake.

Vyama vinavyokula ada kwa semina, sare za vitenge na picha na mgeni rasmi sivitetei. Kabla hujalipa, omba taarifa ya mapato na matumizi, na uulize mwaka jana wanachama wangapi walipata mnunuzi. Wakibabaika, ondoka.

Mchangiaji, Mwanza: Dada, umeeleza vizuri ila umesahau muda. Mikutano inawekwa mchana, hotelini, katikati ya mji. Mimi nauza dagaa soko la Mwaloni Kirumba, na saa hizo ndipo wanunuzi wa Congo wanapakia. Nikifunga meza nimepoteza mauzo ya siku, na hiyo ni kubwa kuliko ada. Wanaofaidi ni wenye wasaidizi dukani. Sisi tunabaki kuhesabiwa kwenye ripoti.

Mchangiaji, Mbeya: Mimi ni mwanaume, mnivumilie. Kwa nini mjitenge? Wanunuzi wakubwa wa mchele na mawakala wa usafirishaji wengi wao ni wanaume. TCCIA, chemba ya biashara, viwanda na kilimo, ipo, ni ya wote. Huko ndiko mngekutana na wenye fedha.

Mleta mada: Kaka wa Mbeya, hakuna aliyekatazwa kuwa kote kuwili, na mwenye uwezo aende TCCIA pia. Ila mwanamke anayeanza, kwenye ukumbi wa wazee wa biashara, mara nyingi hukaa kimya. Hataki kuonekana hajui tofauti ya ankara na risiti ya EFD, ile mashine ya kodi. Penye wenzake anauliza, anajibiwa, kisha anaingia kwenye ukumbi wako akiwa na bei yake mkononi.

Hoja ya dada wa Kirumba ndiyo nzito kuliko zote hapa. Chama kinachosema kinawawakilisha wachuuzi kiende sokoni, kikutane nao jioni baada ya mzigo kuondoka, na ada ilipwe kidogokidogo kwa simu kama wanavyolipa hisa za VICOBA. Kisipoweza hayo, kiseme wazi kwamba ni chama cha wenye maduka na ofisi.

Mlio wanachama sasa, wa chama chochote, tuambieni mlichopata mkononi: mnunuzi, zabuni, au cheti cha ushiriki? Semeni na mkoa mliopo, maana nasikia matawi hayafanani.