Bosi anataka niache Vim kuanzia Jumatatu. Niache kazi? Naombeni ushauri wakuu

ChunoMjini: Habari zenu wakuu. Niko Mtwara mjini, nipo kiofisi kidogo tunatengeneza mifumo na kuingiza data za wakulima wa korosho. Natumia Vim, ile programu ya kuandikia maandishi na kodi kwa kibodi tu bila mausi, tangu chuo. Sasa bosi katoa tamko kuanzia Jumatatu wote tuhamie VS Code, edita nyingine ya kubofya kwa mausi, na Vim itolewe kwenye mashine zote. Wakuu mimi mkono hauendi kabisa kwenye mausi, nikitaka kubadili neno nagonga ciw naandika jipya, linalofuata nagonga nukta tu linabadilika lenyewe, mwenzangu hapo bado anaburuza mausi kama anatafuta sindano. Silali. Nimeze au niache kazi?

MzeeWaMikindani: Kijana usiache. Sisi tulianza na vi yenyewe, ile ya Bill Joy ya 1976, Vim imekuja 1991. Hizo herufi hjkl za kusogezea kishale mnazoringia ni kwa sababu kibodi ya mashine yake, ADM-3A, mishale ilichorwa juu ya herufi hizo hizo. Enzi zetu data unapeleka Dar kwenye disketi, unapanda basi, na kabla daraja la Rufiji halijafunguliwa 2003 ukichelewa kivuko pale Ndundu unalala na disketi zako mfukoni na mbu wote wa Rufiji wako juu yako.

NanoTu: Mzee ushauri uko wapi hapo 😂

BintiLigula: Mkuu kazi siku hizi hamna, heshimu mkate wako. VS Code ina plagini ya Vim, iweke, bosi ataona VS Code na we utaendelea na ciw yako, kila mtu analala. Ila bosi hawezi kuamka tu akachukia edita. Kuna kitu hujasema.

ChunoMjini: Plagini siyo Vim dada, vitu vyangu vingi havifanyi kazi humo. Na bosi ndo alivyo, hapendi vitu vyeusi vyeusi kwenye skrini.

BintiLigula: Sema ukweli tukusaidie.

ChunoMjini: Sawa. Ile mashine ya mapokezi niliiseti faili zote zifungukie Vim, nia nzuri tu, watu wajifunze. Bosi akakaa pale asubuhi akarekebisha majina ya wakulima na kilo zao, kufika mchana anataka kutoka hawezi, akachomoa waya ukutani. Kazi yote ikaenda.

Nachingwea_1: Haiendi mkuu. Vim inaandika faili la akiba, swap, pembeni kila baada ya herufi 200 au ukitulia sekunde 4. Andika vim -r halafu jina la faili, vitu vinarudi.

ChunoMjini: Niliweka set noswapfile, hiyo akiba haiandikwi.

Nachingwea_1: Kwenye mashine ya WATU??

ChunoMjini: Yale mafaili ya .swp yanachafua folda. Halafu mtu mzima kushindwa kugonga Esc kisha :wq ahifadhi na kutoka ni kosa langu? Vimtutor, lile somo la kujifunza Vim, ni nusu saa tu, nilimwambia. Na barua ya kuacha kazi nshaichapa, bado kuiprinti.

NanoTu: Barua umechapia Vim?

ChunoMjini: Ndiyo, kwani ina shida?

NanoTu: 😂😂😂 Ukifungua Vim tupu inakuomba usaidie watoto maskini wa Uganda, we hata bosi wako hujamsaidia kutoka.

Nachingwea_1: Folda kuchafuka siyo sababu. Weka set directory=~/.vim/swap// na hiyo folda uitengeneze mwenyewe kwanza, zote zinakaa huko. Ongeza na set undofile, hata ukifunga ukarudi kesho unagonga u unarudi nyuma.

Korosho_Bichi: Wakuu mnapoteza muda, hii chai. Minada inaanza Oktoba, sa hivi watu ndo wanapuliza salfa, dawa ya mikorosho, shambani, kilo gani zinarekebishwa? Huyu yuko Kariakoo anatutania.

ChunoMjini: Kilo za msimu uliopita! Tunalinganisha na majina ya wanaoomba salfa. Nije nikupige picha ya ofisi?

Korosho_Bichi: Ipige. Na hiyo salfa yenyewe kijijini kwetu haijafika, kama mnayo huko kwenye faili semeni.

MzeeWaMikindani: Salfa ikichelewa ule ugonjwa wa ubwiri unga unamaliza maua yote. Mwaka ule mimi nilipata gunia za kuhesabu kwa vidole.

BintiLigula: Tumehamia salfa tena jamani. Chuno, Jumatatu ni kesho. Kabla ya barua nenda katoe hiyo noswapfile pale mapokezi, halafu kaa na bosi mwingize hayo majina upya.

ChunoMjini: Mashine kaihamishia ofisini kwake dada. Na paswadi kabadilisha.

NanoTu: Basi mkuu usiprinti, naona hata yeye kuna barua anachapa.