Naomba ushauri: Je, The Thing ya 2011 itamtosheleza aliyeipenda ile ya 1982, na tuanze kutazama ipi?

Mkanda wa Zamani (mwanzilishi wa uzi)

Wakuu, nawasalimu. Ninaipenda The Thing ya mwaka 1982, iliyoongozwa na John Carpenter, kuliko filamu nyingine yoyote ya kubuni ya kisayansi, na nimeitazama mara nyingi kiasi kwamba naweza kueleza nani amesimama wapi karibu katika kila chumba cha kambi ile ya Antaktika. Mwaka 2011 ilitoka filamu tangulizi, yaani iliyotengenezwa baadaye ilhali inasimulia mambo yaliyotangulia, ikiongozwa na Matthijs van Heijningen Jr., tena kwa jina lilelile bila hata neno moja la kuitofautisha. Hadi leo sijaitazama, na sababu yangu ni hii.

Katika ile ya kwanza, MacReady, rubani aliyeigizwa na Kurt Russell, anaruka na daktari hadi kwenye kambi ya Wanorwei na kukuta imeteketea. Wanaona shoka lililokwama, mtu aliyejikata na kuganda kitini huku damu yake imekuwa barafu, bonge kubwa la barafu lililochimbika katikati likabaki tupu, na nje, kwenye theluji, mabaki yaliyochomwa ya kitu chenye nyuso mbili zilizoungana. Hakuna anayewaeleza kilichotokea, na wala sisi hatuelezwi. Kwa miaka mingi nimejitungia mwenyewe kisa cha kila kimoja kati ya vitu hivyo, na ninaogopa kwamba filamu itakayokuja na majibu yake itaninyang'anya hata yale niliyokuwa nayo.

Sasa mdogo wangu, ambaye hajaona hata moja kati ya hizo mbili, ameomba tuzitazame pamoja, na anasisitiza tuanze na ya 2011 kwa hoja kwamba matukio yake ndiyo ya mwanzo. Naomba mnishauri mambo mawili: mtu aliyeipenda filamu asilia anaweza kutosheka na tangulizi hiyo? Na mdogo wangu aanzie wapi? Ambaye hajaziona namwomba aishie hapa, maana majibu hayataweza kukwepa kufichua mengi.

Mlinzi wa Zamu

Mkuu, swali la pili ni jepesi, nami nitakujibu kwa uhakika: anza na ya 1982, na usikubali kushawishiwa vinginevyo.

Kumbuka inavyofunguka. Helikopta inaruka chini juu ya theluji, mtu amejitokeza ubavuni akimfyatulia risasi mbwa anayekimbia, na mtazamaji yeyote mwenye moyo anamwonea huruma mbwa. Mnorwei yule anashuka, anapiga kelele kwa lugha ambayo Wamarekani hawaielewi, anaendelea kufyatua risasi, mwisho anapigwa risasi na mkuu wa kituo. Maneno anayopiga kelele ni onyo kwamba yule si mbwa bali ni kitu kinachojifanya mbwa, kwa hiyo wanaojua Kinorwei ndio pekee wanaoambiwa siri ya filamu nzima katika dakika zake za mwanzo. Sisi wengine tunaachwa na mbwa. Anatembea ukumbini taratibu, hanusi kitu, hatikisi mkia, anasimama mlangoni, anamtazama mtu tunayemwona kwa kivuli tu ukutani, kisha anaingia. Mnyama aliyeigiza pale aliitwa Jed, chotara wa mbwa na mbwa mwitu, na sijaona mwigizaji wa kibinadamu aliyenitia hofu kwa utulivu kama ule.

Carpenter anatuweka katika hali hiyo ya kutojua kwa karibu nusu saa. Mdogo wako akianza na ya 2011 atakuwa anajua mbwa yule ni nani kabla hajamwona, na nusu saa hiyo haitarudi tena maishani mwake. Mfuatano wa matukio katika hadithi si lazima uwe mfuatano wa kuisikia hadithi.

Kuhusu swali lako la kwanza, nilitosheka, ingawa si kwa kila kitu. Waliotengeneza ile ya 2011 waliichunguza ya Carpenter picha kwa picha, kama wapelelezi kwenye eneo la tukio, ili kila kitu ambacho MacReady alikikuta kiwe na chanzo chake: shoka, yule mtu kitini, nyuso mbili. Lipo jambo ambalo huenda wengine hawalifahamu: mwaka 1982 magofu ya kambi ya Wanorwei yalipigwa picha kwa kutumia mabaki ya ile kambi ya Wamarekani iliyojengwa Kanada, baada ya kuchomwa kwa ajili ya mwisho wa filamu. Kwa hiyo waliokuja kuijenga upya kambi ya Wanorwei ikiwa nzima walikuwa wakifuatisha magofu ambayo kwa asili hayakuwa yake. Kazi hiyo inanigusa. Unaweza kuikosoa filamu yao, lakini huwezi kusema kwamba hawakumheshimu aliyewatangulia.

Nyota Kimya

Nakubaliana na Mlinzi wa Zamu kuhusu mfuatano, lakini kuhusu kutosheka ninapingana naye kabisa.

Kuheshimu vitu vilivyoachwa chumbani si sawa na kuheshimu tabia ya kiumbe chenyewe, kile kilichotoka angani kinachoweza kumwiga mtu au mnyama yeyote. Katika filamu ya 1982 kiumbe kinataka kujificha. Hujitokeza kinapofumaniwa au kinapobanwa, na muda wote uliobaki kimetulia ndani ya mtu anayecheza karata na wenzake. Hofu yote imejengwa hapo. Katika ya 2011 kinapasuka mbele za watu mara kwa mara, hata ndani ya helikopta iliyo angani, mahali ambapo kingeweza kukaa kimya na kusafirishwa hadi kwenye watu wengi bila jasho. Kisha kinawafukuza watu kwenye korido kama mnyama mwenye njaa. Nilikaa mbele ya filamu ile nikitamani kumshuku mtu, nikakosa nafasi, kwa sababu kila nilipoanza kushuku kiumbe kilijitangaza chenyewe.

Halafu kuna suala la madoido, ambalo kwangu ni kidonda. Rob Bottin, aliyeunda viumbe vya 1982 akiwa kijana wa miaka ya ishirini na kidogo, alifanya kazi hiyo kwa zaidi ya mwaka mmoja, siku zote saba za wiki, hadi akalazwa hospitalini kwa uchovu ilipokwisha. Tukio la kifua kinachofunguka na kuing'ata mikono ya daktari lilifanywa kwa kumtumia mtu asiye na mikono, akavishwa mikono ya bandia. Ni vitu vilivyokuwepo kweli mbele ya kamera, vikilowa na kung'aa chini ya taa, na waigizaji walivitazama kwa macho yao. Kwa ajili ya filamu ya 2011 pia viliundwa viumbe vya kushikika, na mafundi mahiri, lakini baada ya upigaji picha sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifunikwa kwa picha za kompyuta. Kulikuwa hata na kiumbe mwingine, rubani wa chombo cha angani, aliyekusudiwa kuonekana mwishoni. Aliondolewa, na mahali pake pakawekwa umbo la vijitofali vya mwanga vinavyozunguka hewani ambalo halina maana yoyote kwangu. Ninapowaza kwamba kazi ya mikono ya watu wale ilikuwepo, na ikafichwa, ninasikitika kwa dhati.

Simaanishi kwamba kila filamu tangulizi haina budi kushindwa. Rogue One ya 2016 ilichukua jambo ambalo Star Wars ya 1977 ililitaja kwa maneno machache tu, wizi wa ramani, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa ameliona, waandishi walikuwa na uwanja mpana. Hapa uwanja ulikuwa umebanwa tangu mwanzo: tunajua kambi itaungua, tunajua nani atabaki.

Kumbukumbu ya Barafu

Naongeza jambo moja dogo. Kwenye mkanda ambao Wamarekani wanautazama mwaka 1982, Wanorwei wanalipua barafu kwa themaiti, mchanganyiko unaowaka kwa joto kali mno, ili kukifikia chombo cha angani. Katika ya 2011 hakuna mlipuko huo; chombo kinawaka chenyewe na kuifungua barafu iliyokuwa juu yake. Kwa filamu iliyojitahidi kulihesabu kila shoka, pengo hilo lilinishangaza. Vinginevyo iliniridhisha. Tena angalia mwaka kabla hujabonyeza kucheza, maana majina hayatofautiani.

Mkanda wa Zamani

Nawashukuru sana. Suala la mfuatano nimelimaliza, nitamshawishi mdogo wangu. Nyota Kimya, maneno yako kuhusu kushuku yamenigusa, kwa sababu tukio ninalolipenda kuliko yote ni lile la kupima damu: MacReady anauchemsha waya wa shaba kwenye moto, anauchovya katika kisahani kimoja baada ya kingine, nasi tunasikia mlio mdogo wa damu ya kawaida ikiungua, hadi inapofika ile ambayo si ya kawaida. Je, katika ya 2011 hakuna chochote kinachokaribia hapo?

Daftari la Usiku

Kipo, na ndicho sababu ninayoitetea filamu hiyo kila inapotajwa.

Kate Lloyd, mtaalamu wa visukuku aliyeigizwa na Mary Elizabeth Winstead, anakuta bafuni vipande vya madini ya kuzibia meno vikiwa na damu. Anaunganisha mambo: kiumbe kinaiga nyama, hakiwezi kuiga kitu kisicho na uhai, basi kinapomwiga mtu kinavitema vile vilivyozibiwa meno yake. Mpango wao wa kupima damu unapohujumiwa, anawapanga watu mstari na kuwamulika midomoni kwa tochi, mmoja mmoja. Mwenye jino lililozibwa kwa madini yuko salama.

Lakini tazama uzito wa jambo hilo, mkuu. Waya wa MacReady unatoa hukumu: huyu ni yeye, huyu siye. Tochi ya Kate haiwezi kumtia mtu hatiani kamwe, inaweza tu kuwaondolea shaka baadhi yao. Mtu mwenye meno mazima, ambaye hajawahi kuhitaji kuzibwa hata moja, anawekwa upande wa washukiwa pamoja na kiumbe chenyewe, na hana la kusema. Kuna mmoja ambaye meno yake yamezibwa kwa kauri, naye anaingia kundi hilohilo. Ninaliona tukio hilo kuwa la kikatili zaidi kuliko la damu, kwa sababu linampa mwenye tochi mamlaka bila kumpa uhakika. Waandishi wangeweza kurudia waya na damu, na mashabiki wangeshangilia; walichagua njia yao, tena njia inayotokana na kanuni za kiumbe kilekile. Wazo hilo linarudi mwishoni kwa njia ya hereni, na sitasema zaidi.

Nyota Kimya ana haki kuhusu picha za kompyuta, na sina namna ya kuzitetea. Ila tusisahau kwamba filamu ya 1982 yenyewe ilipotoka, wiki mbili baada ya E.T. na siku ileile na Blade Runner, wahakiki wengi waliikataa kwa hoja kwamba ni ya kutisha mno na ya kuchukiza. Tulioipenda tulihitaji muda. Nakushauri uitazame tangulizi mara mbili, kwa kuwa mara ya kwanza utakuwa unailinganisha tu.

Mkanda wa Zamani

Wakuu, ninarejea kama ilivyo ada. Tumezitazama kwa usiku miwili mfululizo, ya 1982 kwanza.

Usiku wa kwanza sikuitazama filamu, nilimtazama mdogo wangu. Mbwa alipoingia ukumbini alitabasamu. Mbwa alipofungiwa bandani na wenzake aliacha kutabasamu. Mlinzi wa Zamu, nusu saa uliyoisema nimeiona usoni pake, na ninakushukuru kwa hilo.

Usiku wa pili niliona yote mliyonionya. Vile vijitofali vya mwanga havikunieleza lolote, na mara mbili nilitaka kusimama kwa sababu ya picha za kompyuta. Nyuso zile mbili zilizoungana ziliniumiza zaidi, kwa kuwa nilikuwa nimejitungia kisa chao kwa miaka, na kisa changu kilikuwa na huzuni kuliko chao. Tochi na meno vilinishika kama Daftari la Usiku alivyosema. Mdogo wangu aligundua kwamba alikuwa akiyapapasa meno yake kwa ulimi, akaniuliza mimi ningewekwa upande gani. Meno yangu ni mazima. Ningewekwa pamoja na washukiwa.

Ila jambo ambalo sikulitarajia ni Lars, mmoja wa Wanorwei wa kambi ile. Katika filamu nzima ni mtu wa mbwa wake, hajui Kiingereza, na wageni wanapozungumza yeye anasimama kando akisubiri kutafsiriwa. Majina yalipoanza kupita mwishoni, tukamwona akimlazimisha rubani kuirusha helikopta kumfuata mbwa anayekimbia, na muziki wa Ennio Morricone ukaingia, uleule wa 1982. Mdogo wangu alishika mkono wangu na kuniomba niiweke tena ile ya kwanza, dakika zake za mwanzo tu. Nikaiweka. Nimeliona tukio lile mara nyingi nisizoweza kuzihesabu, na kila mara nilikuwa upande wa mbwa. Safari hii mtu mwenye bunduki alipoanza kupiga kelele, nilijua kwamba ni Lars, na kwamba hakuna mtu wa kumtafsiria.